Waliomrudisha Kabula

Nimeutumikia umma hadi umri wa kustaafu na sikuzoea kuzunguka jambo, kwa hiyo nitataja kwanza wanaowajibika. Mdogo wangu Kabula alikuwa mtoto anayejua kutembea, kusema na kutumwa chumvi kwa jirani. Akarudi kuwa mchanga mikononi mwetu. Aliyesababisha hayo ni mnunuzi wa dhahabu aliyekuwa akija kijijini kwetu, ambaye watu walimwita Bwana Kipimo. Yeye alikijua alichotuletea. Aliyeyaacha yaendelee ni mganga wa zahanati yetu, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza na hakuuliza. Bibi yetu mzaa baba, ambaye kijiji kilimhukumu na kumfukuza kwa ajili ya jambo hili, hakumdhuru mtoto kwa kusudi wala kwa uchawi. Atakayeendelea kusema vinginevyo baada ya kusoma maelezo haya atakuwa anasema uongo huku akijua.

Naandika sasa kwa sababu tumemzika mama. Siku ya pili ya matanga, watu wakiwa bado wamekaa kwenye mikeka, niliingia jikoni kutafuta maji ya moto ya kumwogesha Kabula, ambaye ninaishi naye Ushirombo na ambaye hawezi kujiogesha. Humo nilimkuta mke wa mpwa wangu akisonga ugali, na binti yake wa miaka kama mitatu amekaa karibu na mafiga. Kidevu cha mtoto kilikuwa kimelowa hadi kifuani.

"Mbona anatokwa na udenda namna hii?" nikamwuliza.

"Anaota meno, shangazi."

Nikainama, nikamfungua mtoto kinywa. Meno yalikuwa yametimia yote. Ufizi wake ulikuwa umevimba, na viganja vyake vilikuwa vyekundu, vinabambuka. Nyuma ya mlango palikuwa na beleshi lisilo na mpini, katikati yake pameungua duara la kijivu. Sikuhitaji kuelezwa ni la kazi gani.

"Mnachomea dhahabu humu ndani?"

"Nje kuna upepo, shangazi. Na macho ya watu."

Mlangoni alikuwa amesimama Mzee Luhende, jirani yetu tangu zamani, akingoja chakula kama wenzake. Akatazama mtoto, akanitazama na mimi. "Ndiyo hayo," akasema. "Angekuwapo yule bibi yenu wa Samuye, leo tungejua wa kumwuliza." Watu waliokuwa nyuma yake wakacheka, kile kicheko kidogo cha msibani ambacho mtu hukificha kwa kukohoa. Wengi wao hawakumjua bibi yangu. Walizaliwa baada yake, wakairithi habari hiyo kama wanavyorithi mipaka ya mashamba.

Wanaokumbuka utoto wao huniambia kwamba kumbukumbu huwajia kwa harufu: mvua ya kwanza, moshi wa kuni za mgunga, maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu. Mimi sina harufu ya kutaja. Kitu kilichoingia nyumbani kwetu hakikunuka chochote, na mpaka leo nikiingia jiko la mtu huwa navuta pumzi, sisikii kitu, na ni hapo ndipo woga huanza.

Baba alikuwa mkulima wa pamba. Mwaka pamba ilipokosa mnunuzi alijiunga na wenzake wakachimba duara, yaani shimo la dhahabu, ng'ambo ya kijito. Bwana Kipimo alikuja na baiskeli, akiwa na chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Ndani yake mlikuwa na zebaki. Aliimimina kidogo kwenye sahani, ikakimbia huku na huku, ikagawanyika vipande na kuungana tena, na haikulowesha sahani. Kabula aliigusa kwa kidole, akaangalia kidole chake, kikavu.

"Ni maji ya nani?" akauliza.

"Ya mfalme," Bwana Kipimo akamjibu, na sote tukacheka.

Alimfundisha baba kuchanganya zebaki na mchanga uliosagwa, kuikamua kwenye kitambaa hadi libaki donge la kijivu kama kiporo cha ugali, na kuliweka donge hilo juu ya beleshi, beleshi juu ya moto, hadi ujivu utoke na manjano yabaki. Baba akabeba beleshi kwenda uani. Bwana Kipimo akamshika mkono.

"Ndani, Masanja. Ndani. Upepo unakula dhahabu."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu na nayaandika kama yalivyosemwa. Upepo hauli dhahabu. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba alichoogopa ni macho ya wanunuzi wengine, wasije wakaona nani amepata. Lakini kuna jambo zito zaidi ya hilo. Baba alipoingia jikoni na kuanza kuchoma, Bwana Kipimo hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, akatoa leso, akaikunja mara mbili na kuifunika pua na mdomo, akatazama kwa mbali. Mimi nilikuwa mtoto wa familia inayosali. Nilikwisha kumwona padre akitikisa chetezo, na watu wakiinamisha vichwa moshi unapopanda. Nikadhani mgeni wetu anaheshimu dhahabu kama tunavyoheshimu altare. Tangu siku hiyo kila baba alipochoma nilifunika pua kwa upindo wa gauni na kuinama, na baba akanisifu kwa adabu.

Kwa hiyo alijua. Mtu asiyejua haendi kusimama nje na leso.

Asubuhi mimi nilikwenda shule. Kabula alibaki jikoni na Bibi, kwa sababu huko ndiko alikopenda, kwenye joto na hadithi. Baada ya mavuno mawili ya duara alianza kuangusha kikombe. Kisha akaanza kununa kwa siku nzima, yeye aliyekuwa mcheshi, na kukojoa kitandani, yeye aliyekwisha kuacha. Maneno yakaanza kumtoka moja moja, kwanza yale ya Kiswahili niliyomfundisha nilipotoka shule, halafu yale ya Kisukuma. Udenda ukamjaa. Ufizi ukavimba. Ngozi ya viganja na nyayo ikawa nyekundu, laini, ikibambuka, kama ya mtoto wa wiki ya kwanza. Alikuwa akitembea kwa kutanua miguu. Siku moja akakaa chini katikati ya uwanja, akatambaa hadi mlangoni.

Bibi alikuwa amelea watoto wengi na wajukuu wengi zaidi. Alimfungua Kabula kinywa kama nilivyomfungua yule mtoto wa msibani, akapapasa ufizi kwa kidole.

"Anaota meno," akasema.

"Mayu, huyu ana meno," mama akamjibu mkwewe, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Ndiyo. Anaota upya."

Naomba msomaji aelewe kwamba hilo halikuwa neno la mtu mjinga. Bibi alisoma alichokiona. Kila alama ya mwilini mwa mtoto ilikuwa alama ya uchanga, na alizijua zote, na zilikuwa zinajitokeza kwa mpangilio uleule, ila zimeanzia mwisho.

Baba alimpakia Kabula kwenye baiskeli tukaenda zahanati, mama na mimi kwa miguu nyuma yao. Mganga alikuwa mtu wa pwani, mpole wa sauti, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Alimtazama mtoto bila kuinuka kitini, mikono mezani.

"Ana umri gani huyu?"

Mama akamwambia.

"Na anatambaa?"

"Ameanza tena, Bwana Mganga."

Baba, ambaye hakuwa msemaji, akakohoa. "Labda ni moshi, Bwana Mganga. Jikoni tunachomea dhahabu."

"Sijakuuliza habari za dhahabu," mganga akasema. "Hapa hakuna ugonjwa. Mtoto huyu anadeka, mmemlea kama yai. Mrudini." Akaita mgonjwa mwingine.

Katika lugha yake, na katika Kiswahili ambacho baadaye nilikitumia ofisini maisha yangu yote, kumrudi mtoto ni kumwadhibu ili ajirekebishe. Alituagiza tumchape. Lakini kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya shule na ya karani wa pamba. Nyumbani hatukuwa na neno hilo kwa maana hiyo. Kurudi kulikuwa kurudi tu.

Jioni hiyo walikaa jikoni wakalipima agizo.

"Amesema tumrudi," baba akasema.

"Tumrudi wapi?" Bibi akauliza.

"Hakusema."

"Alikotoka," mama akasema polepole. "Si ndiko anakokwenda?"

Bibi akalisema kwa Kisukuma, kushosha, kurudisha, akalirudia kama mtu anayeonja mboga. Uso wake ulikuwa na nuru ambayo sijaisahau. "Basi hata serikali imeona. Mtoto ameshika njia ya kurudi peke yake, na sisi tunamvuta mkono aje huku. Tunamchanganya. Tumsindikize, tumfikishe mwanzo, ndipo ageuke aje upya."

Nimelifikiria mara nyingi kosa hilo la lugha. Lilimwokoa mdogo wangu na fimbo. Kwa wazazi wengine wa kijiji chetu waliokijua zaidi Kiswahili, mtoto mgonjwa angechapwa kwa amri ya zahanati. Kwetu alibebwa. Alinyolewa nywele kama mtoto mchanga, akapakwa samli, akalazwa kwenye ngozi ya mbuzi, akafungwa uzi kiunoni, na Bibi akasema siku uzi ukikatika wenyewe ndipo atatolewa nje kuonyeshwa jua na kuitwa tena kwa jina lake. Mpaka siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kumwita Kabula. Wageni walibisha kwa sauti ya chini. Mama alisaga ulezi laini kama vumbi. Sijapata kuona tena nyumba nzima ikimpenda mtu mmoja kwa namna hiyo.

Lakini mtoto mchanga kwetu hukaa ndani, karibu na moto, mlango umefungwa asipigwe na ubaridi. Na moto ulikuwa mmoja. Baba aliporudi kutoka kwenye duara alilikalisha beleshi palepale juu ya mafiga, hatua chache kutoka kwenye ngozi ya mbuzi, na mlango hakuufungua, kwa sababu ya mtoto na kwa sababu ya upepo.

Kabula akaacha kutambaa. Akaacha kukaa. Shingo ikalegea, kichwa kikahitaji kiganja cha mtu. Na kila hatua iliyopotea sisi tulifurahi. Hilo ndilo linaloniamsha hadi leo: kwamba tulifurahi. Bibi alikuwa akimtazama asubuhi, anampima kwa mikono, anatuambia kwa kunong'ona, "Anakaribia. Hajafika, lakini anakaribia." Nami nilikwenda shule nikiwa na siri tamu, kwamba nyumbani kwetu kuna mtu anayekaribia kuzaliwa.

Jirani mmoja aliingia bila kubisha, akamwona mtoto wa umri ule amenyolewa, anang'aa samli, amelala kimya huku macho yake yakizunguka. Habari zikaenea. Likaitwa baraza la kijiji, ambalo kwetu ni dagashida, wanaume wamekaa mbele na wanawake pembeni. Nilikaa chini, nimeegemea goti la mama. Luhende, wakati huo kijana mwenye sauti, ndiye aliyesimama.

"Mtoto aliingia kwa bibi yake anatembea. Akatoka anatambaa. Akaingia tena, sasa hata shingo hana. Wenzangu, mnangoja nini? Mnangoja aingie tumboni?"

Watu wakaguna. Mwenyekiti wa baraza akamgeukia Bibi. "Mama, jibu mwenyewe. Ulimfanya nini mtoto?"

Bibi akasimama. Alijitanda khanga mabegani vizuri, kama mtu anayekwenda kupokea komunyo. "Nilimrudisha," akasema.

Hakuinamisha kichwa. Hakuona sababu. Alikuwa anataja kazi aliyoagizwa na zahanati na aliyoifanya kwa uaminifu. Baraza likasikia ungamo.

Baba alijaribu. Akasema ni agizo la Bwana Mganga. Basi mganga akaitwa, na akaja, viatu vyake vimefutwa vumbi, na hapo ndipo alipokuwa na nafasi ya mwisho ya kuwa mtu wa kazi yake. Mtoto alikuwa amelala nyumbani kwetu, mita chache kutoka alipokuwa amesimama. Angeweza kwenda kumtazama. Angeweza kuuliza kile baba alichomwambia kuhusu moshi. Badala yake alisahihisha sarufi.

"Niliwaambia wamrudi," akasema. "Yaani wamwadhibu. Sikusema wamrudishe. Hayo ni mambo yao wenyewe."

Pale uwanjani hapakuwa na watu wengi walioijua tofauti ya maneno hayo mawili, lakini wote waliisikia sauti ya mtu aliyesoma ikimkana bibi yangu. Ilitosha. Ikaamuliwa asipewe moto wala maji na nyumba yoyote, na arudi kwao Samuye, alikotoka alipokuja kuolewa, akiwa mwanamke mzee aliyekwisha kuzika mume na watoto wanne katika ardhi yetu. Aliondoka na furushi moja la nguo kichwani. Mama alimsindikiza hadi kwenye miti ya mwisho, akarudi na ile ngozi ya mbuzi, ambayo Bibi alikataa kuichukua kwa sababu mtoto alikuwa bado anaitumia.

Sasa nifikie jambo ambalo limeufanya uongo huu uishi muda mrefu. Katika juma hilohilo mvua kubwa zilinyesha na duara likajaa maji. Baba na wenzake wakasimamisha kazi. Beleshi likalala nje, likaota kutu. Na Kabula, polepole, akaanza kushika shingo yake. Baadaye akakaa. Msimu ule ukapita na mwingine, akasimama kwa kushika ukuta. Luhende alikuja nyumbani, akamtazama, akatugeukia. "Mmeona?" akasema. "Ushahidi gani mwingine mnautaka?" Hata ndani ya nyumba yetu ushahidi huo ulikubaliwa kimyakimya, na jina la Bibi likaacha kutajwa. Baba alibaki na mikono inayotetemeka hadi alipofariki, na watu wakasema ni pombe, naye alikuwa hanywi.

Nilimwona Bibi mara moja tu baada ya hapo, nilipokuwa shule ya bweni Shinyanga na mama akanipa nauli ya kwenda Samuye kwa siri. Nilimkuta anapepeta mtama kwenye uwanja wa kaka yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Hakuniuliza habari za kijiji wala za waliomfukuza.

"Yule mtoto," akasema. "Ameanza kuja?"

"Anakuja, Bibi. Anasimama."

Akaendelea kupepeta. "Basi nilimfikisha," akasema, na akatabasamu peke yake. Alikufa akiamini hivyo. Mimi wakati huo nilikuwa sijajua ukweli.

Nilijua nikiwa mtumishi, kwenye semina ya watendaji, mtaalamu alipoeleza mbele yetu, bila kuinua sauti, kile ambacho mvuke wa zebaki humfanya mtoto: udenda, ufizi, viganja vinavyobambuka, kuchechemea, kupoteza maneno. Nilinyoosha mkono nikamwomba arudie. Akarudia. Wenzangu walikuwa wanatazama saa zao kungoja chakula cha mchana.

Kiswahili kina maana nyingine ya kurudi ambayo mganga yule hakuitaja. Nguo ikifuliwa vibaya ikapungua, tunasema imerudi. Lakini nguo hiyo haikurudi dukani, wala haikurudi kuwa pamba shambani. Ni nguo ileile, ila imejikunja, na haitamtosha tena aliyeshonewa. Kabula hakurudi utotoni. Hakuna mtu anayerudi huko. Ni mwanamke wa makamo, ana mvi, anatembea kwa kutanua miguu, ana maneno machache ya Kisukuma na ananiita mayu kwa sababu mama alipozeeka mimi ndiye niliyebaki kumlisha. Anapoona moshi huwa anakwenda kujilaza kwenye kona, magoti kifuani, anangoja. Simwambii kwamba hakuna kitu cha kungoja.

Yule mtoto wa msibani nilimchukua siku ileile, pamoja na mama yake, hadi hospitali. Mpwa wangu alinung'unika kwamba shangazi ameleta mambo ya ofisi kwenye matanga. Nikamwambia ndiyo, nimeyaleta.

Kwa hiyo natamka hadharani, kwa jina la marehemu bibi yangu na kwa haki ya mdogo wangu aliye hai, madai yafuatayo. Nadai wenye mamlaka ya afya na ya madini katika wilaya yetu waeleze, kwa kinywa na si kwa tangazo la ukutani, ni nani hadi leo anawauzia wachimbaji zebaki bila kuwaonya, na kwa nini jiko la mama linaendelea kuwa mahali pa kuichomea. Nadai zahanati iliyomrudisha Kabula nyumbani bila kumpima ikiri kwamba haikumpima. Na nadai serikali ya kijiji iitishe mkutano uleule, wanaume na wanawake, na Mzee Luhende akiwa hai na amekaa mbele, ifute hukumu iliyotolewa dhidi ya bibi yangu na kutamka kwamba hakuwa mchawi. Itamkwe kwa Kisukuma kwanza, na Kiswahili kifuate, ili mara hii pasiwepo mtu wa kusema kwamba alielewa vingine.